Mahakama ya Rufani na Gunia Lililokamatwa

Mahakama ya Rufani ya Tanzania inaweza kufuta hukumu. Inaweza kumtoa mtu gerezani, kumpunguzia kifungo, au kuamuru shauri lake lianze upya mbele ya hakimu mwingine. Lakini haiwezi kuirudisha karafuu iliyokwisha kupakiwa melini na kuuzwa nchi za nje, wala mahindi yaliyokwisha kuliwa na dumuzi ghalani. Hilo ni jambo dogo kulitamka, na ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa watumishi wa Serikali na walimu wanaotusoma wamesimama mlangoni mwa jambo lenyewe. Mmoja wao ndiye anayelipima gunia siku linapokamatwa. Mwingine ndiye anayegongewa mlango na jirani yake usiku, akiombwa aandike sababu za rufani.

Tuitazame Makangale. Mwenye kufika huko ameuacha nyuma mji wa Konde, amepita katikati ya msitu wa Ngezi, na mbele yake hakuna tena ila mchanga wa Vumawimbi, mnara wa taa wa Ras Kigomasha na bahari. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Pemba ni Kenya: Shimoni, Wasini, Vanga. Watu wa pande hizi mbili wameoana na kuzikana kabla mpaka haujachorwa, na lugha yao ni moja. Mikarafuu mingi ya kisiwa haiko hapo. Iko kwenye vilima vilivyo kusini zaidi. Lakini gunia likitaka kuondoka Pemba bila kupita katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kaskazini ni njia fupi, na upepo ukiwa mwema chombo huwahi kufika kabla ya jua kuwa kali. Kwa sababu hiyo jina la Makangale na la bandari bubu za jirani zake limezoeleka katika habari za magendo, ingawa wengi wa wenye vyombo kule ni wavuvi ambao maisha yao yote hawajagusa karafuu ya mtu.

Tuseme msimamo wetu mapema, asije mtu akatusoma visivyo. Magendo ya karafuu ni hasara kwa umma. Baada ya Mapinduzi ya 1964, shule zilizofunguliwa bila ada na hospitali zilizowapokea wanyonge zilijengwa kwa fedha za karafuu zaidi ya fedha nyingine yoyote, na sehemu kubwa ya karafuu hiyo ilitoka Pemba. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa shamba la Zanzibar. Mtu anayevusha gunia usiku anakivusha pamoja nalo kitabu cha mwanafunzi. Hatuna neno la kumtetea.

Lakini kusema hivyo hakumzuii mtu kusema kweli ya pili. Kwa miaka mingi tangu ZSTC ilipoanzishwa mwaka 1968, mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Doria ziliongezwa, adhabu zikaongezwa, na kuna wakati sheria ya Visiwani ilikwenda mpaka adhabu ya kifo kwa kosa la magendo ya karafuu, na bado magunia yalivuka. Kuanzia mwaka 2011, katika uongozi wa Rais Ali Mohamed Shein, Serikali ya Mapinduzi ilipoamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, bei ya kilo moja ikapanda mpaka shilingi elfu kumi na kadhaa, na magendo yakapungua kwa namna ambayo bunduki haikuweza. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kila mahakama inapomrudishia mtu mali yake inawafungulia mlango wafanya magendo. Mlango wa magendo ulifunguliwa na bei mbaya, si na majaji.

Sasa tuje kwenye mahakama zenyewe, na tuanze na historia, maana bila hiyo mtu hawezi kujua kwa nini mipaka ya rufani inawasumbua wananchi wa Pemba kuliko wengine. Kwa amri ya mwaka 1969, Zanzibar ilianzisha mahakama za wananchi, nazo zikaanza kazi mwaka 1970. Waliokaa kuhukumu hawakuwa wanasheria. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Aliyeshindwa na kutaka kupanda juu, njia yake ya mwisho haikwenda kwa majaji. Ilikwenda kwenye chombo cha siasa. Mahakama hizo zilikoma mwaka 1985, baada ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Hatuyakumbushi haya ili kuwalaumu wazee wetu, waliokuwa na nchi changa mikononi na maadui hawakukosa. Tunayakumbusha kwa kuwa mtu wa Makangale aliyekuwa kijana mwaka 1970 yumo bado kijijini, na anapomwambia mjukuu wake kwamba "ukikamatwa umekwisha", hasemi kwa ujinga, anasimulia aliyoyaona. Kazi ya mwalimu ni kumweleza kwamba sheria imebadilika, na kazi ya mtumishi wa Serikali ni kutenda ili maneno ya mwalimu yawe kweli.

Huko Bara gunia lenyewe lilikuwa la mahindi na mchele. Biashara ya nafaka iliwekwa chini ya sheria ya udhibiti wa mazao ya 1962, bodi ya Taifa ikaundwa mwaka uliofuata, na kuanzia 1973 Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wananchi walilijua kwa herufi zake NMC, likawa ndilo mnunuzi. Mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka bila kibali. Mwaka 1984 kiasi hicho kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kizuizi kikaondolewa. Msomaji aifikirie hesabu hiyo. Mama aliyekamatwa na kilo 40 za mahindi mwaka 1983 alikuwa mkosaji, na mama aliyezipakia kilo hizo hizo kwenye basi hilo hilo mwaka 1985 alikuwa raia mwema. Kama kesi ya yule wa kwanza ilifika katika rufani baada ya sheria kulegezwa, majaji hawakuwa na ruhusa ya kumpima kwa kipimo kipya. Mahakama ya rufani huangalia sheria ya siku ya kosa. Hapo ndipo wengi wanapokasirika na kusema majaji hawana huruma. Kumbe huruma ya namna hiyo ni kazi ya Bunge na ya Rais mwenye uwezo wa kusamehe.

Kisha ukaja mwaka 1983 wenyewe. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza mapambano dhidi ya walanguzi na wahujumu, na zaidi ya watu elfu moja wakakamatwa. Sukari, mchele, unga, sabuni na nguo vilitolewa katika maghala ambayo wenyewe walikuwa wakiwaambia wananchi kwamba bidhaa hakuna. Wanyonge walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliunda baraza maalumu, mwenyekiti wake jaji, na uamuzi wake haukuweza kupelekwa kwa rufani katika mahakama yoyote. Mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili, na sheria ilirudi nyuma ikayashika hata mambo yaliyotendwa kabla haijatungwa. Haikufikisha miaka miwili. Mwaka 1984 Bunge lile lile, la Chama kile kile, likaifuta na kutunga Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga, iliyoyarudisha mashauri hayo Mahakama Kuu, na kutoka hapo rufani ikafunguliwa mpaka Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo haki za binadamu zikaingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, nazo zikaanza kutumika mahakamani mwaka 1988.

Tunaomba jambo hili lisipitwe upesi.  Walioifuta sheria ya 1983 ni wale wale walioitunga, wakiwa bado wana chuki ile ile dhidi ya ulanguzi. Walichokikataa ni kwamba gunia la mtu lichukuliwe na neno la kwanza liwe ndilo la mwisho.

Je, leo mtu aliyenyang'anywa mazao anaweza kufika wapi? Hapa ndipo mipaka inapoanza, na tutaieleza kwa lugha ya kawaida.

Mahakama ya Rufani ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama yake ya rufani kutoweka pamoja nayo. Ni mahakama ya Muungano, na rufani kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huja kwake. Lakini Katiba ya Zanzibar, katika kifungu cha 99, imeweka ukuta. Tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe haiendi huko. Mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi hayaendi huko. Na kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau: jambo jingine lolote ambalo Katiba hiyo au sheria iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi imelizuia. Kwa maneno mengine, Wawakilishi wakitaka siku moja kusema kwamba amri ya kutaifisha karafuu itaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar, wanao uwezo wa kuandika hivyo. Hatusemi wataandika. Tunasema kwamba mwananchi wa Makangale hana ahadi ya kudumu ya kufika katika mahakama ya juu kabisa. Ana ahadi inayotegemea busara ya aliowachagua, na ni vizuri akalijua hilo anapopiga kura.

Mpaka wa pili ni wa namna ya rufani yenyewe. Haki ya rufani haizaliwi na uchungu wa aliyeshindwa. Inazaliwa na sheria iliyoandikwa, na pale isipoandikwa haipo. Mtu aliyehukumiwa katika mahakama ya chini akikata rufani Mahakama Kuu, jaji anao wajibu wa kuupima ushahidi wote upya kama vile anausikia mara ya kwanza: nani aliona nini, chombo kilikuwa kimeelekea wapi, gunia lilikuwa la nani. Lakini akishindwa hapo na kupanda Mahakama ya Rufani, hiyo ni rufani ya pili, na Sheria ya Mamlaka ya Rufani inataka hoja za kisheria tu. Mahakama mbili zikiwa zimekubaliana kwamba yale yalikuwa magunia kumi na yalikuwa yakielekea Shimoni, majaji wa juu hawatauliza tena kama yalikuwa manane na yakielekea Wete, isipokuwa waonyeshwe kwamba mahakama za chini ziliuelewa vibaya ushahidi au hazikuutazama kabisa.

Wananchi wengi hawaujui mpaka huu mpaka waugonge kichwa. Mtu hujitokeza katika rufani ya pili akisema, "Karafuu zangu zilipimwa bila mimi kuwepo." Majaji humuuliza: ulilisema hili mbele ya hakimu? Hakulisema, alikuwa peke yake, ameogopa, hakujua kwamba ni neno la maana. Neno ambalo halikuandikwa katika kumbukumbu za mahakama ya kwanza ni vigumu mno kuzaliwa katika mahakama ya mwisho. Kwa hiyo walimu wanaowasaidia majirani wasingoje rufani. Msaada wenye faida ni ule unaotolewa kabla ya siku ya kwanza ya kesi.

Mpaka wa tatu ni mgumu zaidi, na unahusu amri yenyewe ya kutaifisha. Kuna kutaifisha kunakosimama juu ya hatia: mtu kapatikana na kosa, na hakimu akaamuru mali iwe ya Serikali. Amri ya namna hiyo ni kama tawi. Hatia ikikatwa katika rufani, tawi linaanguka na mali inadaiwa. Lakini kuna kutaifisha kunakofanywa na ofisa kwa uwezo aliopewa na sheria, au kwa tamko la kiongozi, kabla ya mtu kufikishwa mbele ya hakimu, na pengine bila kufikishwa kabisa. Hapo hakuna hatia ya kukatia rufani. Kinachobaki ni kuiomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa ofisa, na katika maombi hayo jaji haulizi kama uamuzi ulikuwa mzuri. Anauliza kama ofisa alikuwa na uwezo huo kisheria, kama alimsikiliza mwenye mali, kama alifuata utaratibu. Ofisa aliyekosea hesabu lakini akafuata utaratibu anaweza kushinda. Aliyekuwa na haki lakini hakumsikiliza mtu anaweza kushindwa.

Mfano uko karibu na sisi. Mwezi Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Kilimanjaro, alitangaza kwamba atakayekamatwa akivusha mahindi kwenda nje bila kibali, mahindi yake yatataifishwa na kupelekwa katika hifadhi ya chakula ya Taifa, na gari litabaki polisi. Nia ilikuwa kulinda chakula cha wananchi, na katika mwaka ambao mvua zilikuwa haba nani angeipinga? Lakini mtumishi anayepokea tamko la namna hiyo na kusimama mpakani anapaswa kujiuliza swali ambalo jaji atakuja kumuuliza: ni kifungu gani cha sheria gani kinachompa uwezo wa kulishika gunia hili, na kinamtaka afanye nini kabla ya kuliita la Serikali? Tamko la kiongozi ni mwelekeo wa kazi. Kinachomlinda mtumishi mahakamani ni kifungu. Asiyekitafuta anamwangusha kiongozi wake mwenyewe, maana mlanguzi mwenye fedha ataweka wakili na kushinda kwa kosa la utaratibu, na masikini mwenye magunia mawili atapoteza bila kusikilizwa. Hayo ndiyo matokeo ya uzembe: mkubwa anapona na mdogo anaumia, kinyume kabisa cha kile ambacho Chama hiki kiliundwa kukipigania.

Na mwenye chombo je? Huyu ndiye mtu wa Makangale hasa. Mzee ana mashua. Anaikodisha kwa vijana wavue. Vijana wanapakia gunia wasilomwambia. Mashua inakamatwa na KMKM na kutaifishwa pamoja na karafuu. Mzee hakushtakiwa. Kwa kuwa hakushtakiwa, hakuwa mdaawa katika kesi, na kwa kuwa hakuwa mdaawa, hana rufani. Analo dirisha moja, nalo ni mapitio. (Wanasheria wana "mapitio" na "marejeo", mambo mawili tofauti, na tunawaombea msamaha kwa wananchi kwa kuyapa majina yanayofanana kiasi hiki.) Katika uamuzi wake wa mwaka 1996 katika shauri la Halais Pro-Chemie, Mahakama ya Rufani ilieleza lini inaweza kutumia uwezo wake wa mapitio: pale ambapo mtu hana haki ya rufani, au njia yake ya rufani imezibwa, au kuna sababu za pekee. Mzee mwenye mashua anaingia katika fungu hilo la kwanza. Lakini nani wa kumwambia? Na mashua inayokaa juani mwaka mzima bila kutiwa shahamu, mbao zinaachana. Atashinda mapitio na kukabidhiwa kuni.

Hilo linatufikisha kwenye kiini cha jambo. Kukata rufani hakuzuii utekelezaji peke yake. Mpaka mahakama iombwe na iamuru hivyo. Mazao nayo hayangoji. Karafuu mbichi isiyoanikwa siku zake juani inachacha na kuwa mpeta, na hata iliyokauka vizuri, ikiwekwa ghala lenye unyevu, inapoteza thamani kila wiki. Nafaka ni vivyo hivyo. Majaji wanaweza kuandika kurasa hamsini za hukumu nzuri na mwenye mali akarudishiwa gunia la vumbi.

Uhindi ililiona hili zamani. Sheria yao ya bidhaa muhimu ya mwaka 1955 ilifanyiwa marekebisho mwaka 1966 ili ofisa wa wilaya aweze kutaifisha nafaka na bidhaa nyingine hata kabla ya kesi, na rufani yake ikawekewa njia yake maalumu. Ni sheria kali, na haijaonekana ajabu kwa nchi iliyoonja njaa. Lakini imeweka jambo moja la haki: amri ikifutwa katika rufani, au mtu akiachiwa huru, na mali haiwezi kurudishwa, Serikali inamlipa bei yake kana kwamba iliinunua kwake, pamoja na riba. Mwaka 1975 huko Andhra Pradesh mfanyabiashara wa mbolea na nafaka alikamatiwa shehena yake. Sehemu kubwa ikaamriwa arudishiwe, naye alipokwenda kuichukua akakuta imeharibika. Alidai bei. Serikali ikajibu kwamba dola haishtakiwi kwa kazi za dola, ikiegemea kesi ya mwaka 1965 ambapo polisi walishika dhahabu ya mtu, askari mmoja akatoroka nayo kwenda Pakistan, na mwenye dhahabu akaambiwa hana madai. Shauri la mbolea lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Uhindi, na mwaka 1994 ikasema hapana: ofisa aliyezembea kutunza mali aliyoikamata ameitia Serikali katika deni. Lakini hesabu miaka. Kutoka 1975 hadi 1994 ni miaka kumi na tisa. Mkulima wa Micheweni hana miaka kumi na tisa ya kungoja.

Asije mtu akafikiri kwamba mipaka hii yote ina maana kwamba majaji wetu ni dhaifu mbele ya dola. Mwaka huo huo wa 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba haki ya mwananchi katika ardhi anayoishikilia kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki, hata kama Bunge limetunga sheria ya kuichukua. Ibara ya 24 ya Katiba ya Muungano inalinda mali. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar kinailinda pia. Ibara ya 13 inataja haki ya kusikilizwa na ya kukata rufani. Majaji wakiwa na sheria mkononi wana nguvu. Wasichoweza ni kuitunga wao. Hawawezi kupanga bei ya karafuu, hawawezi kuamua kwamba ZSTC isiwe mnunuzi, hawawezi kusema kilo 30 zilikuwa chache. Anayetaka hayo yabadilike aende kwa diwani wake, mwakilishi wake na mkutano wa tawi la Chama.

Yapo mambo ambayo hayahitaji jaji wala Baraza la Wawakilishi, yanahitaji ofisi kufanya kazi yake. Gunia likikamatwa lipimwe siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyewe na mbele ya sheha, na karatasi ya kipimo iandikwe nakala tatu: ya ofisi, ya mahakama na ya mwenye gunia. Iandikwe uzito, daraja, na kama ni mbichi au kavu. Karafuu ikiwa mbichi ianikwe. Hakuna sheria inayosema mali iliyokamatwa iachwe ioze ili mwenyewe apate adabu. Kisha iuzwe mapema kwa idhini ya hakimu, kwa bei ya kituo, na fedha ziwekwe kwa jina la shauri mpaka rufani imalizike. Fedha haiozi. Umma ukishinda, umma umepata bei nzuri. Mwananchi akishinda, amepata haki yake, na si maganda. Mwenye chombo asiye mshtakiwa aitwe na asikilizwe kabla ya amri kuandikwa, kwa kuwa kumsikiliza mzee nusu saa Wete ni rahisi kuliko kuwasumbua majaji watatu kwa mapitio mwaka wa tatu.

Wapo watumishi watakaosema kwamba utaratibu huu ni mzigo, kwamba usiku, pwani, na askari wawili, nani wa kumtafuta sheha? Tunaujua ugumu huo. Lakini ugumu wa usiku mmoja haulingani na ugumu wa Serikali kushindwa kesi dhidi ya mtu ambaye kila mtu kijijini anajua ni mfanya magendo, kwa sababu tu hapana aliyeandika uzito wa gunia.

Na kwa walimu wa Makangale, Konde na Micheweni, neno la kazi. Notisi ya rufani kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa. Mtu aliyehukumiwa hurudi kijijini akiwa amechanganyikiwa, hukaa na jamaa, huambiwa amwachie Mungu, na anapokuja kwa mwalimu wiki ya sita, muda umekwisha na sasa anaanza kuomba aongezewe, akidaiwa sababu ya kila siku aliyochelewa. Akija mtu na hukumu mkononi, kabla ya kumuuliza kama alifanya au hakufanya, mwulize hukumu ilisomwa tarehe gani, uiandike juu ya karatasi, na uhesabu.